Mtoni, Jambo la Kwanza Ni Kujua Kusimama

Wengi wanaoniuliza kuhusu kushuka mto wenye maji ya kasi huanza na swali lilelile: inahitaji nguvu kiasi gani? Wametazama video, wameona boti ya mpira ikirushwa juu ya wimbi, watu sita wakipiga kafi kwa meno yaliyokazwa, wakaamini kwamba hapo ndipo ufundi ulipo. Lakini mto hauhitaji msaada wako ili ukufikishe chini. Utakupeleka tu, upige kafi usipige. Kinachofundishwa, na kinachostahili kuchukua karibu muda wote wa mwanafunzi anayeanza, ni namna ya kusimama: kuutoa mtumbwi kwenye mkondo, kuuegesha mahali palipotulia, kutazama mbele, kuamua, kisha kuondoka tena kwa hiari yako mwenyewe.

Nalisisitiza hili kwa sababu naona likipuuzwa kila mahali watu wanapofundishwa harakaharaka. Mtu anafundishwa kupiga kafi mbele, anavishwa jaketi, anasukumwa majini. Anajua kwenda. Kusimama hajui. Mtu wa namna hiyo yuko mikononi mwa maji tangu dakika ya kwanza, hata kama mto wenyewe ni mpole.

Hata historia ya mchezo huu inaelekea hukohuko. Mwaka 1869 mvumbuzi Mmarekani John Wesley Powell na wenzake tisa waliondoka Green River, Wyoming, kushuka mito ya Green na Colorado kupitia korongo la Grand Canyon. Walikuwa na boti nne za mbao, na wapiga makasia walikaa kama wanavyokaa ziwani, mgongo ukielekea kule boti inakokwenda. Boti moja, iliyoitwa No Name, ilivunjika kwenye mawe mwezi wa Juni, hata Colorado wenyewe hawajaufikia. Miaka ya 1890 Nathaniel Galloway, mtegaji wanyama kutoka Utah, alizoea kufanya kinyume: alikaa akiyatazama maji makali yaliyo mbele yake, akavuta makasia dhidi ya mkondo ili boti iende polepole kuliko maji yenyewe. Akapata muda wa kuona na muda wa kuchagua njia. Hadi leo, mtu anayeendesha boti kubwa ya mpira kwa makasia mawili marefu anafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kusoma maji huanzia ukingoni, kwa miguu. Mwalimu wangu alikuwa akitutembeza kando ya mto hadi chini kabisa ya sehemu ya maji makali, ndipo tunapandisha tena taratibu huku tukitazama. Ukiwa juu, mgongo wa maji hukufichia mawe na mashimo. Ukiwa chini unayaona yote usoni. Halafu alikuwa akitupa kijiti katikati ya mkondo na kutuambia tukifuate kwa macho. Kijiti kilishuka kwenye ulimi laini wa maji meusi, kikaongeza kasi pale mto ulipobanwa, kikaelekea moja kwa moja kwenye jiwe kubwa la kulia. Sote tulidhani kitaligonga. Kabla hakijafika, kilisukumwa na maji yaliyojirundika mbele ya jiwe kama mto wa kulalia, kikapita ubavuni, kikajikunja nyuma yake na kuanza kupanda. Ndiyo, kupanda: kilirudi juu ya mto polepole hadi kikaligusa jiwe kwa upande wa nyuma, kikabaki hapo kikizunguka huku maji yakinguruma umbali wa kafi moja tu.

Mahali hapo kijiti kilipopumzika panaitwa edi. Maji yakipita kando ya kizuizi huacha pengo nyuma yake, na maji mengine hurudi kulijaza, kwa hiyo nyuma ya karibu kila jiwe, kila pembe ya ukingo iliyochomoza, kuna sehemu ambayo maji yametulia au yanapanda. Anayejua kuziona huuona mto kama mfululizo wa vituo: kutoka hapa hadi pale nyuma ya jiwe la kushoto, kutoka pale hadi kwenye kona. Asiyejua huona povu tu.

Kuna alama nyingine ambazo jicho hujifunza haraka. Maji yakichora umbo la V ambalo ncha yake inaelekea kule mto unakoshukia, hapo ni mlango. Mawe mawili yameyabana maji nayo yanapita katikati. Ncha ikikuelekea wewe unayetoka juu, kwenye ncha ile kuna jiwe, hata kama hulioni. Mawimbi yaliyosimama kwa mpangilio, moja baada ya jingine, kila moja dogo kuliko lililotangulia, kwa kawaida ni maji yenye kina yanayopunguza kasi, nayo yatakulowesha na kukuacha. Wimbi moja lililo peke yake, linalojivunja kurudi juu mahali palepale, ni habari nyingine: huenda nyuma ya jiwe maji yamechimba shimo, na yanarudi ndani yake kwa nguvu ya kumshikilia mtu au boti. Na ukiona mto umekatika mbele yako kwa mstari ulionyooka, na vilele vya miti ya huko chini vinaonekana kama vimeota majini, toka nje sasa hivi. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hapo hujui hata kina cha mporomoko.

Nguvu ya maji yenyewe wageni huikadiria chini mno. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Mto wa wastani unaopitisha meta 20 za ujazo kwa sekunde unakupitishia tani 20 kila sekunde, bila kupumzika. Tena msukumo hauongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana mto uliokuwa rafiki wiki iliyopita unaweza kuwa mto mwingine kabisa baada ya mvua kunyesha milimani, na ndiyo maana kuuliza kiwango cha maji kabla ya kutoka ni kazi ya kila safari, hata kwa mtu aliyeupitia mto huo maisha yake yote.

Sasa kuingia edi. Katika mtumbwi wa watu wawili, mnapiga magoti, si kukaa, ili uzito uwe chini na magoti yashike sakafu. Wa omo, yaani mbele, ndiye anayeona mawe mapema. Wa tezi, yaani nyuma, ndiye anayeshika pembe ya mtumbwi. Mnauelekeza mtumbwi kwenye edi kwa pembe ya kama digrii 45, mkilenga juu kabisa, karibu na mgongo wa jiwe, kwa sababu ukilenga katikati utafika mkiani na kutupwa nje. Mnapiga kafi kwa bidii. Mtumbwi usio na mwendo hauwezi kuuvuka mpaka kati ya maji yanayoshuka na yanayopanda. Omo inapovuka mpaka ule, maji yanayopanda yanaishika, ilhali tezi bado inasukumwa na mkondo. Mtumbwi unageuka wenyewe, kwa ghafla inayomshangaza kila mwanafunzi. Hapo mnaegemea ndani ya mzunguko, kama mwendesha baiskeli anapokata kona. Ukiegemea nje, maji yanaukamata ukingo wa mtumbwi kwa chini na kuupindua kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Kutoka ni yaleyale kwa kinyume: omo imeelekea juu ya mto, pembe ndogo, mwendo, mnavuka mpaka, na mara mkondo unapoishika omo mnaegemea upande wa chini ya mto. Wakufunzi wengi hulirudia zoezi hili mpaka wanafunzi wanachoka kulisikia. Wana haki. Ningekuwa na mwanafunzi wa siku moja tu, ningemweka kwenye edi moja pana, kwenye mto usio na hatari chini yake, aingie na kutoka mchana kutwa, kulia na kushoto, na asishuke zaidi ya hapo.

Baada ya hilo linakuja la kuvuka mto bila kushuka. Omo inaelekea juu, mnaipa pembe kidogo kuelekea ukingo mnaoutaka, mnapiga kafi taratibu, na mkondo unausukuma mtumbwi ubavuni hadi ng'ambo. Kadiri maji yanavyokwenda kasi, ndivyo pembe inavyopaswa kuwa ndogo. Ukiwa na ujuzi huu pamoja na ule wa edi, unaweza kufika mahali unapotaka mtoni, na mikono haikuumi kama ya mtu anayepambana.

Lakini kabla ya yote haya kuna kuogelea, na mkufunzi anayeanza na mtumbwi kabla ya kuogelea simwamini. Kuogelea mtoni si kuogelea bwawani. Ukianguka, lala chali, miguu ielekee kule mto unakoshukia, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, matako yameinuliwa. Mawe utayapokea kwa nyayo. Ukiona edi au ukingo salama, geuka kifudifudi na uogelee kwa nguvu zako zote, ukikata kwa pembe. Kulala chali ni kwa ajili ya kujilinda na kutazama tu. Wapo wanaofundishwa hivyo na kuishia kuelea maili nzima wakisubiri mtu, huku edi nzuri zinawapita kulia na kushoto.

Na usisimame. Hili naomba lisomwe mara mbili. Katika maji ya kasi yaliyozidi magoti, usijaribu kusimama, hata kama unaona mchanga chini na ukingo uko hatua tatu. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo unausukuma mwili mbele, mwili unainama, uso unaingia majini, na uzito wa maji mgongoni hauruhusu kuinuka tena. Watu hufa hivyo katika maji ya kiunoni, mahali ambapo mtazamaji ukingoni haoni hatari yoyote. Ogelea mpaka tumbo liguse mawe, ndipo utambae.

Hatari nyingine ni mti ulioanguka mtoni. Maji hupita katikati ya matawi bila shida, mtu hapiti. Hunasa na kubanwa humo. Miti hii hupatikana hasa upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko mkondo unakokwenda kwa kasi na kuula ukingo hadi miti inaanguka, na huko ndiko mkondo unakokupeleka wewe pia usipofanya lolote. Kwa hiyo kona isiyoonekana mwisho hupitwa kwa upande wa ndani. Ukiwa majini na huna tena nafasi ya kuukwepa mti, sahau kulala chali: geuka, ogelea kuuelekea kichwa kikiwa mbele, na unapoufikia jirushe juu yake kwa mikono na kifua, uupande na kuuvuka. Ukiufikia kwa miguu, maji yatakuingiza chini.

Halafu mabanio, kuta fupi za zege zilizokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo ili kuinua maji. Zinaonekana hazina neno. Maji yanashuka kimo cha mtu tu, laini, bila fujo. Chini yake, maji yanarudi nyuma kwa upana wote wa mto, hakuna pembeni pa kuponyokea, na kinachoelea hurudishwa ukutani tena na tena. Wataalamu wa uokoaji huziogopa kuliko maporomoko mengi yenye sura ya kutisha. Hazishukwi. Unabeba mtumbwi na kupita kando.

Vifaa nitavisema kwa ufupi, maana vinajulikana. Jaketi okozi livaliwe na kufungwa tangu ukingoni. Mwenzako alivute kwa mabegani, na likipanda hadi masikioni halikufai. Helmeti. Viatu vya kufunga visivyochomoka mguuni majini, si kandambili. Filimbi. Vaa kwa kufuata baridi ya maji, usifuate jua: maji ya baridi kali humfanya mtu ahemeke bila hiari kwa takriban dakika ya kwanza, na dakika kama kumi baadaye vidole havishiki kamba tena. Kamba isiyofungwa vizuri botini ni mtego wa miguu, na hakuna sababu yoyote ya mwanafunzi kujifunga kamba mwilini. Mtumbwi wa wazi ujazwe mifuko ya hewa mbele na nyuma, kwani ukijaa maji unakuwa na uzito wa mamia ya kilo. Ukipinduka, baki upande wa juu ya mto kuliko mtumbwi wako. Usiwe kamwe kati yake na jiwe.

Boti ya mpira inasamehe mengi, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Abiria hudhani ni abiria. Sivyo, watu sita wanaopiga kafi pamoja ndio injini, na kiongozi aliye nyuma hawezi kuipeleka boti kokote peke yake. Unakaa juu ya mrija wa nje, si ndani, mguu mmoja umeushika mrija wa katikati kwa chini. Mkono wa juu haukiachi kichwa cha kafi hata sekunde moja. Kafi iliyoachwa kichwa hupiga meno na pua za majirani kuliko jiwe lolote. Boti inaporuka, silika inakuambia uinue kafi. Fanya kinyume, lizamishe. Kafi lililo ndani ya maji ni mguu wa tatu, linakushikilia.

Amri ni chache: mbele, nyuma, acha, kushoto nyuma, kulia nyuma, chini. Amri moja ndiyo ya kufanyiwa mazoezi mpaka mwili uijue bila akili: ile ya kuhamia upande wa jiwe. Boti ikisukumwa ubavu kwenye jiwe, kila mtu hujivuta mbali na jiwe kwa hofu. Uzito wote unakwenda upande wa juu ya mto, mrija wa huko unazama, maji yanapanda juu yake, na boti inajibandika kwenye jiwe kama haikuwa na watu. Amri ikitoka, wote warukie upande wa jiwe mara moja, wauinue ule wa juu ya mto. Katika mtumbwi ni vilevile: mtumbwi ukigota jiwe ubavuni, liegemee jiwe, likumbatie. Na boti ikipinduka ukajikuta chini yake, kuna hewa. Weka mikono juu ya kichwa, chagua upande mmoja, jisukume kwa mikono hadi utokee, bila kubadili mawazo katikati.

Mwenzako akiwa majini, kuna utaratibu. Ita kwanza, nyoosha kafi kama linafika, rusha kamba kama halifiki, peleka boti, kumfuata kwa kuogelea kunakuja mwisho kabisa, na ni kwa aliyefunzwa. Mfa maji haachi kutapatapa, naye atakushika shingo bila kukusudia mabaya. Mfuko wa kamba ya kurusha, wenye meta 15 hadi 20 za kamba inayoelea, unarushwa baada ya kumwita na kuonana macho, kamba ipite kifuani pake. Aliye majini anashika kamba, si mfuko, analala chali na kuipitisha juu ya bega lililo mbali na mrushaji, mwili unakaa kwa pembe, na mkondo wenyewe unamleta ukingoni. Hakuna anayeizungusha kamba mkononi, si mrushaji wala mrushiwa. Kumwingiza botini, shika mikanda ya mabega ya jaketi lake, egemeza magoti kwenye mrija, jitupe nyuma. Ishara za mkono nazo zinafaa kukubaliwa ukingoni: kafi wima ni njia salama, kafi la mlalo juu ya kichwa ni simama, filimbi mara tatu ni msaada. Na unapoonyesha kwa mkono, onyesha njia ya kupita, kamwe usionyeshe jiwe, maana kwenye kelele za maji mtu hufuata kidole.

Mito hupangwa kwa madaraja sita, la 1 likiwa maji yanayotiririka na la 6 likiwa mwisho wa uwezo wa binadamu. Anayeanza anajifunzia daraja la 1 na la 2 kwa mtumbwi. Kwa boti ya mpira, pamoja na kiongozi mzoefu, la 3 linawezekana. Lakini daraja husema ugumu tu, wala halisemi umbali wa kufikia barabara au baridi ya maji. Kwenye mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, viongozi wanaopitisha wageni kwenye maji ya daraja la 5 hufika maporomoko namba 9, wakawatoa watu wote majini na kuwatembeza kwenye mawe. Ni miongoni mwa waongozaji bora duniani, na wanatembea. Nani basi atamcheka mwanafunzi anayeutazama mto, akaona haujui, akabeba mtumbwi begani?

Usiende peke yako. Kanuni ya usalama ya American Whitewater, shirika la Marekani la wanaoshuka mito ya maji makali, inataja watu watatu au vyombo viwili kuwa kiwango cha chini, nami napenda wawe zaidi. Ukialikwa na kundi usilolijua, uliza kabla ya kupanda: nani anatangulia na nani anafunga msafara, mifuko ya kamba iko mingapi na iko kwa nani, maji yako kiwango gani leo, na mto ukitushinda katikati tutatokea wapi. Kiongozi aliyejiandaa hujibu papo hapo, na mara nyingi hufurahi kuulizwa. Akikuambia usiwe na wasiwasi, shuka ubaki ukingoni.